Jina la Chakula na Jina la Mlaji

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Mvua za vuli zimechelewa, mnazi wa nyuma ya nyumba umeangusha makuti mawili juu ya bati la jirani, na mengine yote ni kheri. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu swali lako la Jumapili si la kujibiwa kwenye simu inayokatikakatika. Ulisema kampuni imekupa miezi mitatu uipange upya tovuti yao ya mapishi, ili kila msomaji akifungua akute kinachomfaa yeye. Ulisema pia kwamba mkubwa wako kazini ameshaletewa programu ya kumfuatilia msomaji: amebofya nini, amekaa dakika ngapi, ametoka wapi, amekwenda wapi. Ukaniuliza mimi, niliyekaa miaka 28 maktaba nikiandika kadi za vitabu, na sita ya mwisho nikizihamishia kadi hizo kwenye kompyuta, nafikiri nini.

Nafikiri mnaanzia mwisho.

Kazi hii ina pande mbili. Mmoja ni kukijua kitu ulicho nacho; wa pili ni kumjua mtu anayekuja kukitafuta. Huo wa pili ndio unaouzwa, kwa sababu unaweza kufungwa kwenye programu na kulipiwa kila mwezi. Wa kwanza hauna muuzaji. Unafanywa kwa mkono, polepole, na watu wanaokijua chakula. Lakini kadiri unavyokijua vizuri chakula, ndivyo haja ya kumpekua msomaji inavyopungua. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, na yote nitakayokuandikia humu yanalizunguka hilo.

Chukua neno mbuzi. Msomaji ameliandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Anataka supu ya Jumapili asubuhi, au anataka kujua namna ya kukuna nazi bila kujichubua vidole? Wewe ukisikia sentensi moja tu utajua, maana sarufi yetu yenyewe inatenganisha: mbuzi wa kuchoma, mbuzi ya kukunia. Kwa mashine ni herufi tano. Na jikoni kwetu maneno ya namna hiyo yamejaa. Kuna kaa wa baharini na kaa la moto. Kuna chungu cha kupikia, na kuna nyanya chungu. Isitoshe, programu nyingi za kutafutia zilitungwa kwanza kwa ajili ya Kiingereza, ambako neno hubadilika zaidi mkiani, hivyo zilifundishwa kukata mkia. Letu hubadilika kichwani: kiazi na viazi, mkate na mikate, andazi na maandazi, anapika, hupikwa, tutampikia. Ukiiachia mashine hiyo bila msaada, aliyetafuta "andazi" hataliona pishi la maandazi hata kama ndilo bora mlilo nalo. Basi kabla hujamlaumu msomaji kwamba hajulikani anataka nini, hakikisha tovuti inajua ina nini.

Dawa yake ilikwishafikiriwa. Tim Berners-Lee, yule aliyeibuni wavuti kule CERN mwaka 1989, aliandika pamoja na James Hendler na Ora Lassila katika jarida la Scientific American la Mei 2001 juu ya wavuti ambayo mashine zingeweza kufuata maana ya kilichomo, si kuonyesha maandishi tu. Miaka miwili kabla yake, 1999, W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilikuwa limepitisha kiwango kiitwacho RDF. Jina linatisha, lakini ndani yake mna kitu ambacho bibi yako, Mungu amrehemu, angekielewa kabla chai haijapoa. Kila unachokijua unakisema kwa sentensi fupi yenye sehemu tatu: kitu, uhusiano, kitu kingine. Mchuzi wa kaa, hupikwa kwa, tui. Tui, hutoka kwenye, nazi. Nazi, hukunwa kwa, mbuzi. Basi. Ukishasema hivyo, na ukaipa mashine kanuni ya kuziunganisha sentensi hizo, inaweza kuitoa ambayo hakuna aliyeiandika: mchuzi wa kaa una nazi ndani yake. Msomaji aliyekuambia nazi inamdhuru hataletewa mchuzi huo, ingawa neno "nazi" halimo popote katika pishi lenyewe, maana mpishi wetu huandika "tui la kwanza" na "tui la pili" na kuona inatosha. Fikiria karanga. Kwa mtu ambaye karanga zinamvimbisha koo, tofauti kati ya mashine inayotafuta herufi na mashine inayojua kwamba kisamvu hiki kimeungwa kwa karanga zilizosagwa si jambo dogo.

Usitunge fomu yako upya kutoka mwanzo. Mwaka 2011 Google, Microsoft na Yahoo walikubaliana msamiati mmoja wa kueleza vitu kwenye wavuti, wakauita schema.org, na mapishi yana karatasi yao humo: viungo, muda wa kuandaa, muda wa kupika, idadi ya walaji, mlo maalumu unaofaa. Anza na hiyo. Halafu ongeza yenu, kwa sababu waliotunga karatasi hiyo hawakuwa wakifikiria tofauti ya futari na daku, wala chakula cha shughuli na chakula cha nyumbani.

Nikupe mfano wa watu walioushughulikia upande wa kwanza kwanza, ukawafikisha mbali. Kombe la Dunia la 2010 lilipochezwa Afrika Kusini, BBC walitaka kila timu, kila kundi na kila mchezaji awe na ukurasa wake. Timu zilikuwa 32, kila moja na wachezaji 23, hesabu mwenyewe. Ni kurasa zaidi ya 700, na hakuna chumba cha habari chenye wahariri wa kuzipanga zote kila saa. Wakaandika kwanza uhusiano: mchezaji huyu yumo timu ile, timu ile imo kundi lile. Mwandishi akimaliza habari yake, kazi iliyobaki ilikuwa kuthibitisha inamhusu nani. Habari ikishajulikana kuwa ni ya Drogba, hifadhi ya data ilikuwa inajua tayari kwamba Drogba ni wa Ivory Coast, na Ivory Coast wamo Kundi G pamoja na Brazil, Ureno na Korea Kaskazini, hivyo habari ikajipeleka yenyewe kwenye kila ukurasa unaohusika. Usione vyaelea, vimeundwa. Shabiki wa Ivory Coast akapata ukurasa unaomfaa, na ili kumpa ukurasa huo haikuhitajika kujua yeye ni nani. Alijitambulisha mwenyewe kwa kubofya timu yake, akasoma, akaondoka.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, na univumilie nikikaa hapa kidogo. Majina.

Maktaba tulikuwa na kadi za aina mbili zilizotuokoa kila siku. Moja imeandikwa "Tazama", nyingine "Tazama pia". Mtu akija na jina lake alilolizoea, kadi ya "Tazama" inampeleka kwenye jina tulilolichagua sisi. Ya "Tazama pia" inamwonyesha jirani yake. Mwaka 2009 W3C walipitisha kiwango kiitwacho SKOS, na nilipokisoma nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu ughaibuni: jina teule, majina mengine, dhana pana, dhana finyu, dhana inayohusiana. Ni kadi zetu zilezile, zimevaa nguo nyingine.

Tovuti yenu ni ya Kiswahili, na Kiswahili kina jikoni nyingi. Kisamvu unachokijua wewe, mtu wa Bukavu anakiita sombe. Binzari nyembamba ya huku, Zanzibar ni uzile. Dania ya Mombasa ni giligilani ya Dar. Msomaji wa Goma akitafuta sombe akaambiwa hakuna, hatajua kwamba mnayo mapishi tisa ya kisamvu. Atafunga na hatarudi, na ile programu ya mkubwa wako itaandika kwamba hakupendezwa. Kosa ni letu, limeandikwa kwenye jina lake.

Lakini jihadhari na haraka ya kuunganisha kila kitu. Dagaa ndio mtihani. Mkenya wa Kisumu atakuambia omena, Mganda mukene, mtu wa Bujumbura ndagala. Utashawishika kuyafunga majina yote fungu moja. Mama yako ni wa Kigoma. Jaribu kumpa dagaa wa Mwanza umwambie ni walewale! Na kweli si walewale: samaki wa Ziwa Viktoria ni wa jamii nyingine na wale wa Ziwa Tanganyika, na wa baharini ni wengine tena. Omena na mukene na dagaa wa Mwanza ni kitu kimoja. Ndagala na dagaa wa Kigoma ni kitu kimoja. Juu yao wote liko jina pana, dagaa, na chini yake wanakaa kila mmoja mahali pake. Mashine haitakuamulia hilo. Inahitaji mtu aliyewahi kuwakaanga.

Kila pishi litazame kwa pande kadhaa, usilitupe kwenye kapu moja. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras, alitoa mwaka 1933 mfumo wa kupanga vitabu kwa kuivunja mada katika nyuso zake: kitu chenyewe, kimetokana na nini, kinafanywa nini, wapi, lini. Mfumo ule ulitusumbua vijana wengi tulipousoma, ila kwa chakula unakaa kama mkono kwenye kipini cha mwiko. Ni pishi la nini, kwa kiungo kipi, kwa njia gani, la pwani au la bara, la wakati gani wa siku na wa mwaka. Kadi iliyojazwa hivyo inaweza kumfikia msomaji kwa milango mitano.

Tuje kwenye mwenendo wa msomaji. Sisemi mwenendo hauna maana. Nasema ni ushahidi unaohitaji kuhojiwa, na anayeuhoji awe anayajua maisha ya anayehojiwa.

Msomaji amefungua video ya pilau akaiacha dakika ya pili. Kitabu cha programu kitasema hakuipenda. Mimi nasema bando limeisha. Mwingine amekaa kwenye ukurasa wa biriani dakika 50. Wataandika kwamba ameisoma kwa makini sana, kumbe simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi na yeye anakaanga vitunguu. Mwingine amefungua maandazi, ametoka baada ya sekunde 15. Ameshindwa? Alikuja kutazama kipimo cha hamira tu, amekipata, na wewe umemhudumia vizuri kuliko wote. Ukizipa sekunde nyingi alama za juu, utaanza kuwaambia wapishi wako waandike hadithi ndefu kabla ya kutaja vipimo. YouTube waliacha mwaka 2012 kupima idadi ya mabofyo na kuanza kupima muda wa kutazama, na watengenezaji wa video wakabadilika kufuata kipimo. Unachokipima ndicho utakachovuna.

Tena, simu si mtu. Hapa nyumbani simu yangu moja inachezewa na wajukuu wanne. Mmoja katuni, mmoja mpira, mkubwa wao Bongo Fleva, mimi kaswida na mapishi. Programu ya mkubwa wako itachora kutoka humo picha ya mtu mmoja ambaye hajawahi kuzaliwa.

Tafuta ishara chache zenye uzito. Mtu aliyerudi kwenye pishi lilelile wiki ya pili, huyo amelipika na likakubalika. Aliyelihifadhi. Aliyelituma kwa dada yake WhatsApp. Na kuna moja ambayo ningeipa heshima ya pekee: kile kisanduku cha idadi ya walaji. Aliyebadilisha kutoka 6 kwenda 60 ana shughuli. Usimkumbuke mwaka mzima kama mpenda pilau. Mpe leo hii vipimo vya mchele wa watu 60, ukubwa wa sufuria, na kachumbari ya kiasi hicho, kisha mwache aende na harusi yake.

Namna ya kulinganisha wasomaji haikuanza leo. Mwaka 1994 watafiti wa Minnesota na MIT walitengeneza GroupLens, iliyowapendekezea watu habari za kusoma kwa kutazama nani walikubaliana huko nyuma: kama wewe na mimi tumependa mambo kumi yaleyale, la kumi na moja nililolipenda mimi huenda likakufaa. Mwaka uleule Lou Montulli wa Netscape alibuni vidakuzi, vile vipande vya data ambavyo tovuti huviacha kwenye kifaa chako ili ikutambue ukirudi. Lakini njia ninayotaka uisome kwa utulivu ni ya Amazon. Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York waliieleza mwaka 2003: badala ya kutafuta watu wanaofanana, tafuta vitu vinavyokwenda pamoja. Orodha ya vitu vinavyoandamana unaweza kuihesabu usiku, kwa jumla, bila kujali nani ni nani. Aliyefungua pilau hufungua kachumbari. Ila kachumbari hufunguliwa na kila mtu, na chai ya tangawizi pia, kwa hiyo gawanya kwa umaarufu wa kila kimoja, la sivyo ukurasa mzima utakuwa kachumbari na chai.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijakuambia.

Miaka mitatu iliyopita daktari aliponiambia nina kisukari, nilimwambia shangazi yako mkubwa peke yake. Nilitaka kwanza nikae nalo mwenyewe. Usiku nikawa nasoma kwenye simu: nile nini, niache nini, muhogo vipi, wali vipi. Nilisoma kwenye tovuti moja ya mapishi, sitaitaja. Wiki tatu baadaye kulikuwa na ndoa kwa jirani, tuko uani wanawake kama ishirini, mmoja akasema hakumbuki kipimo cha visheti. Nikampa simu yangu atafute. Ukurasa ukafunguka, na juu kabisa kwa herufi kubwa: "Kwa ajili yako: vyakula vya mgonjwa wa kisukari". Akausoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini. Mwanangu, ule ukimya wa uani ninausikia hadi leo. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unanipa pole kwa jambo ambalo sikuwa nimejipa pole mwenyewe.

Na pishi la pili katika orodha ile unajua lilikuwa nini? Keki ya ndizi kisukari. Mashine iliona neno kisukari kwenye ugonjwa na neno kisukari kwenye ndizi, ikaona ni ndugu. Ndizi tamu kuliko zote, imeokwa na sukari vikombe viwili, kwa ajili yangu.

Nimelifikiria jambo hilo muda mrefu, na naona makosa yalikuwa mawili yaliyoshikana mikono. Kuhusu mimi mashine ilibashiri sawasawa, na ubashiri sahihi uliosemwa mahali pasipo pake ndio uliouma. Kuhusu chakula haikujua chochote. Waliosimamia tovuti ile walitumia nguvu zao zote kunibandika mimi lebo, wakaacha keki bila lebo. Ingekuwa kinyume chake ningepona pande zote: kila pishi limeandikwa kiasi cha sukari na wanga, nami usiku ule nikasema nataka ya sukari kidogo, nikapewa, nikafunga simu, na ombi langu likafungwa nayo.

Kwa hiyo bandika lebo kwenye chakula, usibandike kwenye mtu. Pishi liandike "futari". Usimwandike msomaji "Mwislamu" kwa kuwa amefungua kaimati siku ishirini mfululizo, wala usimwandike mwingine chochote kwa kuwa amefungua kitimoto. Afya na dini ni mambo ambayo sheria yetu inayaita taarifa nyeti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na Tume yake. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wasomaji wenu wako pande zote mbili. Mkubwa wako ataogopa faini. Wewe niogopee ule ukimya wa uani.

Na asikudanganye mtu kwamba majina yakifutwa basi hakuna anayejulikana. Mwezi Oktoba 2006 Netflix walitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha mapendekezo yao ya filamu kwa asilimia 10. Wakawapa washindani zaidi ya alama milioni 100 zilizotolewa na wateja karibu 480,000 kwa filamu 17,770, majina yote yakiwa yameondolewa. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, wakaonyesha kwamba ukijua filamu nane tu alizozipa mtu alama, mbili kati yake ukiwa umekosea kabisa, na tarehe zake ukikosea hadi siku 14, unaweza kuitambua rekodi yake miongoni mwa zote karibu kila mara. Filamu nane! Mashindano yaliisha 2009 kwa mshindi kupewa fedha yake. Ya pili yaliyokuwa yamepangwa yakafutwa 2010. Sasa fikiria mapishi manane ya mtu mmoja, yakiwemo chakula cha mama anayenyonyesha, uji wa mtoto wa miezi sita, futari, daku, chakula cha presha. Hajataja jina, na umeshaingia chumbani kwake.

Maktaba tulikuwa na njia, nayo haikuwa ya kizamani hata kidogo. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake mfukoni, na kila msomaji na tiketi yake. Ukiazima, kadi ya kitabu inaingizwa kwenye tiketi yako na kukaa kwetu kwenye trei. Ukirudisha, kadi inarudi kitabuni, tiketi inarudi mkononi mwako, na hapo hakuna mtu duniani anayeweza kujua ulisoma nini. Lakini karatasi ya mihuri ya tarehe ndani ya jalada inabaki, na inasema: kitabu hiki kimesomwa mara 40 mwaka huu. Mwenendo umehifadhiwa, mtu ameachiwa. Na pembeni ya meza lilikaa toroli la vitabu vilivyorudishwa leo, ambalo wasomaji walilikimbilia kabla ya rafu yoyote, kwa sababu walijua kilichotoka kusomwa na jirani kina uhai. Nataka ukurasa wenu uwe na toroli.

Kuhusu kuunganisha pande mbili, sitakuchosha. Pishi jipya halina msomaji hata mmoja, na msomaji mpya hana alama yoyote nyuma yake. Hapo mwenendo ni bubu na lebo ndizo zinazosema. Pishi jipya la sombe litapelekwa mahali pa kisamvu tangu saa ya kwanza. Msomaji mpya akifungua mapishi mawili ya nazi yasiyo na nyama, unajua vya kutosha kumpa la tatu, na hilo unaweza kulikumbuka kwenye simu yake mwenyewe kwa saa ile tu, bila kulileta kwenu. Anayetaka mkumbuke zaidi, awaambie. Na kila pendekezo liandikwe sababu yake kwa maneno ya chakula: "kwa kuwa umetazama mchuzi wa kaa", na pembeni mahali pa kufuta.

Jambo moja la majira, kwa sababu najua mhandisi wenu atalisahau. Ramadhani haifuati Januari na Februari. Kila mwaka inarudi nyuma kwa siku 10 au 11 hivi. Mashine ikijifunza kwamba "mwezi Machi watu hupenda tambi", itakuja kuwaletea tambi Machi ambayo watu wanakula ugali mchana. Kalenda ya Hijria iwe ndani ya data zenu kama kitu chenye maana, siku za Idd zikijulikana, na Kwaresima pia. Kisha mwezi ukiandama, kilichojifunzwa kwenye mfungo kilale hadi mfungo mwingine. Nimewahi kuletewa vyakula vya daku hadi Mfungo Tatu.

Mkubwa wako mwambie hivi: mwezi mmoja na nusu wa lebo, kabla programu yoyote haijanunuliwa. Atasema ni mrefu. Mwonyeshe keki ya ndizi kisukari. Nimekuruhusu kumsimulia, habari ile imeshazoeleka mtaani, sembuse ofisini kwenu.

Mwisho wa mwezi nakuja Dar kwa daktari wa macho. Nitakuletea daftari, nimeshaanza viungo na samaki, na ninakwenda vizuri. Nimekwama kwenye ndizi. Ninazo mzuzu, mkono wa tembo, bukoba, malindi, na hiyo kisukari niliyoiwekea alama nyekundu. Wifi yangu, mama yako, ana majina ya Kigoma ambayo sina. Muulize aniandikie na lipi hupikwa bichi, lipi huachwa liive. Muulize pia dagaa wa kwao wakiungwa kwa mawese wanaliitaje pishi lile nyumbani kwao, si kwenye menyu ya hoteli. Aandike kwa mkono wake, asikutajie kwenye simu, kwa sababu nataka tahajia yake.

Wako anayekupenda,

Shangazi